Hudhurio la Nne

Muuguzi wa kliniki ya wajawazito hakuona haya kuwatania kina mama. "Njooni mara zote nne kituo kipate bonasi, nami nitupe viatu hivi vinavyocheka."

Fundi cherehani mmoja, mimba yake ya kwanza, aliahidi. Akaja mara tatu bila kukosa. Mara ya nne alifika mapema, kadi mkononi, tumbo limeshuka.

"Alizaliwa Jumanne nyumbani, dada. Hakulia," alisema. "Lakini nilikuahidi. Andika tu, upate viatu."

Muuguzi akafunga daftari. Mara zote tatu alikuwa amepima tumbo na kuuliza habari za mtoto tu. Akavuta kiti, akaushika ule mkono wenye makovu ya sindano za cherehani.

"Na wewe, mdogo wangu," akauliza, "unaendeleaje?"