Hindi Lisilopata Moshi

Mume wangu Theodori aliinua picha ya kipimo kwenye dirisha la jikoni, hapa kwetu Nangara, akatabasamu. "Mama Felix, njoo uone. Tezi zangu nyeupe pee!"

Dada yake Anjela akapiga vigelegele kabla hata ya kuuliza. Wifi yangu huyo hata mtu akipiga chafya anamshukuru Mungu. Mimi niliendelea kuchambua maharage. Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Tangu tutoke hospitali mwili wote ulikuwa umekufa ganzi.

Tulikwenda kuangalia kama saratani ya kibofu imesambaa. Daktari alinieleza mimi, Theodori akiwa bado anavaa shati. Kwa kuwa figo zake ni dhaifu, hawakutumia dawa ile ya kawaida ya kuonyesha picha vizuri. Walimpitishia mshipani chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi, kesho yake wakamwingiza kwenye mashine ya sumaku. Tezi nzima, isiyo na ugonjwa, huzinywa chembe hizo, ikatokea nyeusi. Iliyoingiwa na saratani haizinywi, hubaki nyeupe. Kisha akasema, "Mama, wewe utajua namna ya kumwambia." Msomi mzima, kazi yake kaniachia mimi.

"Mbona husemi kitu?" Theodori aliuliza. "Nyeupe si ndiyo safi?"

Nilitazama juu ya mafiga, yalikoning'inia mahindi yetu ya mbegu. Kila mavuno mume wangu huyafunga mwenyewe, kama alivyofanya baba yake.

"Baba Felix, mbegu tunaning'iniza jikoni kwa nini?"

"Hindi lipate moshi. Likishakuwa jeusi, mdudu dumuzi haligusi."

"Na lile la pembeni, ambalo moshi haukulifikia?"

"Lile analitobo..."

"Ile dawa ndiyo moshi," nilisema. Sauti ilinitoka kavu, kama ninayetaja bei ya chumvi.

Anjela alijiziba mdomo. Theodori aliishusha picha, akaisugua kwa kiganja, labda akidhani ule weupe utatoka. Kisha akasimama, akalitungua lile hindi la pembeni, akayatazama matundu yake. Akaanza kulipukuchulia ndani ya sufuria yangu ya maharage.

"Hili halitafika msimu wa kupanda," alisema. "Pika makande, tulile leo."

Nikaongeza maji.