Wilf Hakuua Mtu

Jumatatu, siku tano kabla ya harusi, Wilf Ogden alifungiwa mlango na mama mkwe wake mtarajiwa.

"Kwangu haingii muuaji!" Bi Ada Clegg alisema kupitia tundu la barua.

"Mama, ile ni sinema tu!"

"Sinema ni sinema, lakini yale macho hukuyaazima dukani. Hata jaji kakuhukumu kitanzi!"

Wilf alikuwa mwigizaji wa majukwaani, mtu wa kuhangaika mji hadi mji na sanduku moja, na hii ndiyo picha yake ya kwanza. Alicheza mpangaji anayeshtakiwa kwa kumuua bibi tajiri. Mji wao wote wa Halifax ulikwenda kumtazama. Na mpangaji yule ni mtu safi kabisa. Mwenye nyumba ndiye aliyeua, naye anakiri dakika tano za mwisho.

"Mama hajaona mwisho wa picha yoyote tangu vita viishe," Nellie, mchumba wake, alimnong'oneza dirishani. "Picha ikikaribia kwisha anachomoka, wimbo wa Mfalme unaopigwa kila picha ikiisha usije ukamsimamisha, ili awahi foleni ya samaki na chipsi. Nusu ya ukumbi ndivyo walivyo."

"Si umwambie inavyokwisha?"

"Nimemwambia. Anasema nakutetea kwa sababu nakupenda."

"Kwani unanipenda?"

"Usinichekeshe, atasikia. Lakini Wilf, bila mama kanisani siolewi. Sina mzazi mwingine."

Jumatano Nellie akamburuta mama yake kwenye onyesho la saa tisa mchana. Hukumu ilipotolewa tu, viti vikaanza kugongana na watu wakavaa kofia zao. Bi Ada naye akanyanyuka. Hapo Wilf, aliyejibanza safu ya nyuma yao, akamshikisha kifurushi cha moto.

"Samaki, chipsi, na siki tele. Foleni nimekupangia mimi. Kaa, mama."

Harufu ikamlegeza. Akakaa, akatafuna. Kwenye skrini askari walikuwa wanamtoa Wilf seli kumpeleka kitanzini, mara mwenye nyumba akaingia mbio kwa mkuu wa jela, akapiga magoti: "Ni mimi niliyemuua!"

"Shetani mkubwa wewe!" Bi Ada alifoka, chipsi zikaruka hadi safu ya mbele. "Na mtoto wa watu alikuwa ananyongwa!"

"Keti, bibi, tunatazama!" mtazamaji mmoja alimkemea.

"Niketi vipi na mkwe wangu anafunguliwa pingu?"

Wimbo wa Mfalme ukaanza. Wachache waliobaki walisimama wima, kimya. Bi Ada alisimama pia, ila kimya kilimshinda. Alimkamata Wilf mkono kwa vidole vyake vya mafuta, akauinua juu.

"Huyu hapa! Hajaua mtu! Waambieni na wale waliokimbilia chipsi!"

Ukumbi ukaangua kicheko, mmoja akapiga mluzi, na wimbo ukaishia hukohuko bila wa kuusikiliza. Nellie alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Jumamosi saa tano," Bi Ada alimwambia Wilf, mkono bado kaushika. "Na hayo masharubu uyanyoe. Ndiyo yaliyokuponza mahakamani."