Njia Isiyo na Msemaji

Nilikifunga kitambulisho cha mwanangu kwa kipande cha leso, nikakizamisha katikati ya debe la mbegu za maharagwe mpaka mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko. Nikalitikisa debe ili mbegu zikae sawa, kisha nikarudi jikoni kukata sukuma wiki. Ngari aliporudi kutoka shambani alianza kukitafuta. Alipekua mifuko ya suruali, akainua godoro, akamuuliza mkewe Kanini, hatimaye akaniuliza mimi.

"Baba, vitu vyako unaviweka ovyo," nikamwambia.

Namwita Baba kwa sababu amebeba jina la baba yangu mzazi. Siku hiyo nilimdanganya nikimtazama usoni.

Wewe mama unayesoma haya, nisikilize kwanza, kisha unihukumu. Huenda na wewe una debe lako.

Sisi tunakaa juu ya soko la Manyatta, pale majani chai yanapokomea na msitu wa mlima unapoanzia. Wanaume wa huku wametega tangu zamani. Waya wa breki ya baiskeli hukunjwa kitanzi, hufichwa kwenye majani, na asubuhi mtu hukuta paa au nungunungu amenaswa. Ni kosa kisheria, kila mtu anajua, na kila mtu amekula. Mume wangu alitega. Mwaka mmoja walikuja wageni wakisema wanaandikisha wawindaji ili wawatafutie kazi nyingine. Aliandika jina lake kwa mwandiko mzuri, maana aliringia mwandiko wake. Wiki mbili baadaye karatasi ileile ilikunjuliwa na askari mlangoni petu. Alirudi kutoka jela na kikohozi, na kikohozi hicho ndicho kilichomzika.

Basi Ngari aliponieleza kwamba mzee Njura ameanzisha kikundi cha watu walioacha kutega, kikundi chenye cheti, nambari za wanachama na kiti katika kamati ya fensi, mimi nilisikia karatasi ikikunjuliwa.

"Hii si kama ile ya marehemu, Mama," alisema. "Fensi ya stima ya kuzuia ndovu inakuja, na watu wa ramani hawaujui msitu. Sisi tunajua ndovu hupita wapi. Tukienda mmoja mmoja wanatuita majangili. Tukienda kama kikundi wanatuita wajumbe, wanatuwekea viti."

"Siku wakimkosa jangili watawarudia wajumbe. Orodha watakuwa nayo."

Akacheka. "Ungekuwa hakimu, Mama, hata askari wangeomba ruhusa."

Alikuwa amekwisha kumkabidhi Njura mitego yake yote, thelathini na mmoja. Ilibaki nakala ya kitambulisho tu, na mwisho wa kuandikishwa ulikuwa Ijumaa. Ijumaa ikapita. Jumapili nikatoa shukrani kanisani, kimoyomoyo.

Jumanne kulikuwa na mkutano kwenye kituo cha kununulia majani chai. Ramani ilitandazwa juu ya meza ya mizani, ikakandamizwa kwa mawe pembeni. Njura alisimama wa kwanza. Alieleza kwamba sehemu ya juu mstari umekata mahali ndovu wanapokwenda kulamba chumvi, akataja miti, akataja kijito. Wenzake watatu wa kikundi wakathibitisha, kila mmoja kwa nambari yake. Mchora ramani akasikiliza, akachukua raba, akafuta, akachora upya.

Mimi sijawahi kuona serikali ikifutwa kwa raba. Na waliofanya ifutwe ni watu ninaowajua, watu waliokuwa wakijificha kila gari geni likipita. Hapo ndipo nilipolikumbuka debe langu.

"Na bonde hili la chini?" aliuliza mchora ramani. "Hapa sina njia yoyote. Nipitishe moja kwa moja?"

Ngari akasimama. "Usipitishe. Ndovu huteremka na hilo bonde kila kiangazi, kwenda mtoni. Ukiziba mdomo wake watafuata waya mpaka uishie, na mwisho wa waya ni kwetu. Pitisha fensi kandokando ya bonde, huku na huku."

Kila mtu pale alimkumbuka jirani yetu Wanjugu. Mwaka jana ndovu aliyepotea njia alimkuta akipeleka maziwa asubuhi. Tulimzika jeneza likiwa limefunikwa.

"Nambari yako ya uanachama?" akauliza karani, msichana mwenye heshima zake.

"Sina. Kitambulisho kilipotea."

"Kimenaswa na mtego wake," mtu akasema nyuma, watu wakacheka.

Njura hakucheka. "Mwandike, binti yangu. Sisi wengine ni wa upande wa juu. Njia hiyo anaijua huyu peke yake."

"Mzee, ni nyinyi mliopitisha sheria hii. Wiki jana kila mtu alitaka kuihamisha fensi kutoka shambani kwake kwenda kwa jirani. Neno la asiye mwanachama haliandikwi." Akamgeukia Ngari. "Pole. Keti tu."

Kutoka pale hadi kwenye debe langu ni mwendo wa dakika kumi. Daftari lilikuwa limefungwa tangu Ijumaa, lakini ningekiri kwamba ni mimi niliyekificha, huenda wangenisubiri. Nilifungua mdomo, nikamwona marehemu akiinamia ile karatasi, akiremba herufi ya kwanza ya jina lake. Nikaufunga. Kalamu ikateleza juu ya bonde letu, mstari ukanyooka kama kamba ya kuanikia.

Tulipofika nyumbani nilimwaga mbegu zote juu ya mkeka mbele yake. Kitambulisho kikaanguka, kikiwa bado kimefungwa kwa kile kipande cha leso. Ngari hakuinama kukiokota.

"Nilijua," alisema. "Nilikigusa nilipokuwa nikichota mbegu za kupanda."

"Mbona hukukichukua?"

"Nilitaka unipe wewe. Nilifikiri kufikia Ijumaa utanipa."

Afadhali angenitukana.

Tulikwenda na kitambulisho kwa Njura jioni ileile. Aliniuliza, "Wambeti, ni wewe uliyekificha?" Nikasema ni mimi. Alikubali kuandika barua ya pingamizi kwa jina la kikundi, na kumwandikisha Ngari mara tu daftari litakapofunguliwa. Lakini kamati hukaa mara moja kwa mwezi. Wachimbaji wa mashimo ya fensi walikuwa wanaanza Jumatatu.

Jumatatu nilimwambia Ngari anipeleke kwenye hiyo njia. Miaka yote niliyokaa hapa sikuwahi kuikanyaga. Nilidhani nitaona kichaka kilicholala kidogo. Nikakuta ardhi imetwangwa ngumu, pana kuliko barabara ya kwetu. Kandoni kulikuwa na mti ambao ndovu hujisugulia, umepakwa tope hadi mahali mkono wangu usipofika. Nikaligusa lile la chini. Lilikuwa bado bichi, ndovu alikuwa amepita karibuni.

Hatua chache mbele yetu kigingi chenye utepe mwekundu kilisimama katikati ya njia. Nyuma ya miti tulisikia sururu za wachimbaji zikipokezana, na mmoja wao akiimba.

"Ndovu wakifika hapa wakute waya," nikauliza, "watageukia upande gani?"

Ngari alikuwa anatazama chini ya mteremko, nami nikatazama alipotazama. Bati letu lilionekana lote. Sare ya mjukuu wangu Eunice ilikuwa kwenye kamba, na yeye mwenyewe, aliyebaki nyumbani kwa homa, alikuwa ameketi juu ya nyasi anaota jua.

Nikaanza kuteremka kumfuata Eunice, mwanzoni kwa kutembea, kisha mbio.