Makofi Mawili kwenye Boneti

Shemeji aliingiza pikapu uani mwa gereji ya mjomba saa nne asubuhi, akashuka huku anacheka.

"Mjomba, taa za dashibodi zinanikonyeza. Njia nzima zinanikonyeza tu."

"Na wewe ukazikonyeza," dada akamjibu kutoka ndani ya gari. "Nimekuona."

Mjomba alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeinamia kopo la petroli nikisafisha plagi, na niliposikia neno dashibodi mikono yangu ilisimama.

Dada alikuwa amempakata mtoto wake wa miezi minne. Nyuma walikuwa wamepakia kitanda, godoro na masufuria. Walikuwa wanahamia upande wa pili wa mlima, shemeji alikopata kazi. Mlango wa upande wa dada ulikuwa mbovu, haufunguki kwa ndani. Ili ashuke, lazima mtu amfungulie kwa nje. "Kaa tu, mke wangu, hatukawii," shemeji alimwambia, na dada akakaa.

Mjomba alifungua boneti. Siku zote yeye huanza na betri. Alilegeza vichwa vyake, akavikwangua unga mweupe, akavikaza. Akafuata waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kushika bodi ya gari. Nati yake ilikuwa na kutu. Akaisugua kwa msasa hadi ikang'aa. Shemeji akawasha gari. Mita ikasoma volti kumi na nne, na taa za dashibodi zikatulia, hazitikisiki.

"Si unaona? Ni kutu tu hiyo," mjomba alisema. Akashusha boneti, akaipiga makofi mawili.

Kwetu gereji makofi hayo mawili ndiyo mwisho wa maneno. Yakishapigwa, gari limepona, na anayelirudisha anamwambia fundi mbele ya watu kwamba hajui kazi. Sijawahi kumwona mtu akifanya hivyo.

Lakini mimi nilijua kitu ambacho mjomba hakukijua. Mwezi uliopita pikapu hii hii ililetwa ikiwa imekatika fyuzi ya taa. Mkono wangu ni mwembamba, ndiyo maana kazi za chini ya dashibodi huachiwa mimi. Fyuzi mpya zilikuwa zimekwisha. Mjomba alikwisha kunifundisha: chukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, izungushie fyuzi iliyokufa, taa zitawaka. "Lakini hiyo ni ya siku moja," husema. "Mwambie mwenye gari arudi kesho. Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Ukishaizungushia hivyo, haikatiki tena."

Niliizungushia. Siku ile shemeji alikuja na rafiki zake wawili, wanataniana kwa sauti kubwa. Nikamwachia ufunguo kwenye kiti, nikajifungia stoo mpaka walipoondoka. Sikumwambia.

"Kimya," shemeji aliniita kwa jina langu la gereji, "hata kwaheri hakuna? Au nikupe kalamu uandike?"

Nilikwenda dirishani kumuaga dada. Ndipo niliposikia harufu. Haikuwa petroli, wala maziwa ya mtoto. Ilikuwa plastiki inayopata moto. Dada alimfunika mtoto pua kwa shali. "Gereji yenu inanuka, jamani," alisema. "Mwanangu atakohoa." Akapandisha kioo.

Shemeji akakata usukani kuelekea getini. Taa zikakonyeza. Akaunyoosha, zikatulia. Akaukata tena, zikakonyeza tena. Nikaelewa. Chini ya usukani kulikuwa na waya uliochubuka, na kila usukani ulipozunguka, chuma kiliugusa. Fyuzi nzima ingekatika hapo hapo. Karatasi yangu haikatiki.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa anafuta mikono, ameligeuzia gari kisogo. Pikapu ilifika getini.

Nilikimbia, nikalipita gari, nikasimama mbele yake na kuipiga boneti kwa viganja, si mara mbili, mara nyingi.

"Zima gari!"

Shemeji alikanyaga breki. "Haa! Leo Kimya kaota mdomo!"

Alikuwa bado anacheka moshi ulipoanza kutoka kwenye dashibodi, kwanza mwembamba kama uzi, kisha mnene. Dada alishika kitasa cha ndani akakivuta. Akakivuta tena. Niliuona uso wake kwenye kioo. Nikazunguka, nikafungua kwa nje, akanitupia mtoto kwanza, ndipo akashuka. Mjomba alikuja mbio na spana, akang'oa kichwa cha betri. Moshi ukapungua, ukaisha.

Mtoto alikuwa analia. Nilimpa dada mwanawe, nikaingiza mkono chini ya dashibodi, nikachomoa ile fyuzi kwa koleo na kumwekea mjomba kwenye kitambaa chake. Karatasi ilikuwa nyeusi, imegandamana na plastiki.

"Hukumwambia arudi?" mjomba aliuliza.

Nilitikisa kichwa.

Dada alinirudishia mtoto. Hakujiamini tena kumshika. Mjomba aliigeuza fyuzi, akaitazama barabara na magari yanayopita.

"Na wale wengine uliowazungushia karatasi, mwanangu? Kuna hata mmoja uliyemwambia?"

Nikatikisa kichwa tena.

"Magari mangapi?"

Nilianza kuinua vidole, kimoja kimoja. Vya mkono mmoja vilipokwisha, nilimwomba mjomba anishikie mtoto, nipate mkono wa pili.