Mzinga Usiovuka Mto

"Funika mzinga tu, mama, twende zetu, giza litatukuta darajani," alisema Seni, akiwa amejitanda chandarua kutoka kichwani hadi magotini.

Wilhelmina hakufunika. Alipuliza moshi, akainua sega na kuligeuza kwenye mwanga wa jioni. Mgongoni mwa nyuki mmoja alikuwepo mdudu mwekundu, bapa, mdogo kama punje ya ulezi. Akaona wa pili. Utitiri!

Mzinga huu alikuwa amemwahidi Seni tangu mpunga ungali shambani. Matikiti ya mkulima huyo kule Lupiro, ng'ambo ya mto, yalikuwa yamechanua, na mizinga yake miwili haikutosha kuyachavusha. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini utitiri ungevuka mto pamoja na mzinga, ukamaliza hata ile miwili. Na balaa lenyewe Wilhelmina alijiletea mwenyewe. Aliazima sega la majana, watoto wa nyuki, kwa wifi yake Dativa ili kuutia nguvu mzinga huu ulipodhoofika, kama watu wanavyoazimana mbegu, wala hakulikagua. Nani hukagua kitu alichopewa na wifi?

"Mzinga hauendi," alisema.

Seni akanuna. "Mama, kama umempa mtu mwingine, sema tu. Mimi mtu mzima."

"Mtu mwingine gani? Njoo uone, Msukuma wewe, usininunie bure."

Seni akasogea, akainama, akakodoa macho mpaka chandarua kikakaribia kugusa sega. "Du! Kumbe nyuki nao wana kupe!"

"Ndio hao."

"Ng'ombe ningemwogesha. Nyuki je?"

Wilhelmina akacheka, japo hamu ya kucheka hakuwa nayo. "Nitakata majana ya madume, ndimo kupe hawa wanamopenda kuzaliana. Nyuki wetu wabishi, watapona."

"Na matikiti yangu?" Sauti ya Seni ilishuka. "Maua haya yakidondoka bure, msimu umekwisha, mama."

"Kesho alfajiri nitakuja. Nyuki nitakuwa mimi."

Kulipokucha walikuwa shambani Lupiro, migongo imepinda, wakichuma ua dume na kulipaka kwenye ua jike, moja baada ya jingine. Seni alianza kwa shaka. Jua lilipopanda alikuwa anamwita Wilhelmina malkia. Kiuno kilimuuma mama wa watu, lakini moyoni kulikuwa kweupe, na alifurahi.

"Sasa malkia, hili la hapa..." Seni alianza, ua dume mkononi.

Nyuki akashuka, akaingia ndani ya lile ua, katikati ya vidole vyake. Mkono wa Seni ukabaki hewani, na wote wawili wakasubiri nyuki amalize.