Neli ya Nyuzi Tisini

Mwalimu wa bayolojia alikuwa na tabia ya kuandika matokeo ubaoni kabla ya jaribio. Wanafunzi walimwita Bwana Majibu. Naye alijua, na nadhani jina hilo lilimpendeza. Jumanne ile alichora jedwali la safu tano: nyuzi joto kumi, ishirini na tano, thelathini na saba, sitini, tisini. Chini ya thelathini na saba akaandika, "Rangi ya iodini. Wanga umekwisha." Chini ya tisini akaandika, "Bluu-nyeusi. Wanga bado upo, kimeng'enya kimeharibika." Akapangusa chaki mikononi na kusema, "Haya, sasa tukachunguze."

Mimi ndiye mtu wa maabara. Nilihitimu chuo mwaka juzi, na kazi yangu ni kuosha vioo, kupima dawa na kusimama nyuma. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekoroga uji mwepesi wa wanga, nikapanga neli za kioo arobaini, tano kwa kila kundi. Mate wangetoa wenyewe. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na iodini ndiyo shahidi: ikikuta wanga inageuka bluu-nyeusi, usipokuwepo inabaki na rangi yake ya chai isiyo na maziwa.

"Dada, mimi koo limekauka," alilalamika kijana mmoja akiwa na bika mkononi. "Siwezi kutema mbele za watu."

"Fikiria limau," wakamwambia wenzake, na darasa zima likaanza kumeza mate badala ya kuyatema.

Vigae vyeupe vya kupimia matone vilikuwa viwili tu kwa makundi manane. Mwalimu akaamua iodini idondoshwe moja kwa moja ndani ya neli, zikiwa bado zimesimama kwenye maji ya nyuzi zake. Kuna kitu nilitaka kusema juu ya hilo. Sikujua ni kitu gani hasa, na wakati nakitafuta, yeye alikuwa ameshafika kundi la tatu.

Dakika kumi zikapita. Wakadondosha. Neli za thelathini na saba zikabaki rangi ya chai, kama ubao ulivyosema. Neli za tisini nazo zikabaki rangi ya chai. Zote nane. Nilipita nyuma ya kila meza nikaziona kwa macho yangu, na nikaona pia kalamu za kila meza zikiandika bluu-nyeusi.

Kalamu moja tu haikuandika. Ilikuwa ya binti wa kundi la mwisho, ambaye shule nzima ilimwita Mbona kwa sababu hakuweza kupewa jambo lolote bila kuuliza mbona. Alikuwa ameushusha uso wake hadi usawa wa neli, akaitazama, akaugeukia ubao, akaitazama tena.

Nilijua habari zake. Wastani wake wa majaribio ulikuwa umeshuka, na akipata chini ya kumi na mbili kwa ishirini safari hii angeondolewa kwenye mchepuo wa sayansi. Mjomba wake alikuwa fundi wa kuchimba visima, naye alitaka kusomea maji, ajue kilichomo ndani ya yale yanayotoka ardhini. Aliwahi kuniletea maji ya kisima ndani ya chupa ya soda akitaka nimpimie chumvi. Sikuwa na kipimo. Akaniambia, "Basi ukikipata, Dada, mimi bado nipo."

Kwa hiyo niliinama karibu na sikio lake. "Andika bluu-nyeusi tu, mdogo wangu. Usijipe taabu."

"Mbona? Wewe umeiona bluu?"

"Sijaiona."

"Basi unataka niandike ya nani?"

Akaandika alichokiona. Kengele ikalia, kidato kingine kikawa tayari mlangoni, neli zote zikamwagwa sinkini haraka haraka.

Alhamisi madaftari yalirudi. Arobaini yalikuwa na kumi na nane, kumi na tisa. La Mbona lilikuwa na sifuri, na chini yake wino mwekundu: "Umechanganya neli. Sifuri ya uzembe." Alinijia kwenye chumba cha maandalizi, akaliweka mezani bila kulia. Heri angelia, ningejua la kufanya.

"Sikuchanganya," alisema.

"Najua."

"Ukijua wewe inanisaidia nini?"

Nilikwenda kwa Mwalimu siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeipanga hotuba nzima njiani, lakini mbele ya meza yake ilibaki sentensi moja, nayo ilitoka nusu. "Mwalimu, kuhusu neli za tisini..."

"Hata mimi nilitaka kukuuliza," akasema bila kuinua kichwa. "Unaziosha vizuri kweli? Kimeng'enya kilichochemshwa hakifanyi kazi, binti. Hilo halihitaji mjadala. Hata yai ukilichemsha halirudi kuwa bichi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilitoka nikijichukia. Ndiyo ya nini?

Ijumaa saa kumi alama zingekwenda kwa mwalimu wa taaluma, na zikishafika kwake hazirudi. Asubuhi, maabara ilipokuwa tupu, nilifunga mlango na kuanza upya. Uji mpya wa wanga. Mate yangu mwenyewe. Neli nilizozisugua hadi vidole vikaniuma. Nyuzi tisini, dakika kumi, tone la iodini. Rangi ya chai.

Nikarudia na maji ya dukani. Rangi ya chai. Nikafungua chupa nyingine ya iodini. Rangi ya chai. Yai halirudi kuwa bichi, lakini mbele yangu kulikuwa na mayai matatu mabichi yaliyotoka kwenye maji yanayochemka. Jiko la gesi likaanza kukohoa. Nikautingisha mtungi kwa hasira kama vile ndio uliompa mtoto wa watu sifuri.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Ndoo, anayesafisha majengo, ndoo mkono mmoja na ufagio mkono wa pili.

"Tangu asubuhi nakuona dirishani unatema mate," akasema. "Mwanangu, kama kuna jambo, tuambie mapema tuandae nepi."

"Mama, ni kazi."

"Ndiyo, hiyo nayo huanza hivyo hivyo, kazi, kazi." Akacheka hadi akaegemea ufagio. "Njoo unishikie ngazi huko nje. Popo wameingia darini, na mlinzi ana mguu mbovu."

Nikazima jiko, nikaitoa neli ya mwisho kwenye maji, nikaichomeka kwenye rafu ya mbao. Nikaenda kushika ngazi nusu saa nzima huku moyo ukiniwaka, nikihesabu dakika za mtoto yule zinavyokwisha kwa ajili ya popo.

Niliporudi, neli ilikuwa bluu. Bluu nzito, kama wino.

Jambo la kwanza lililonijia halikuwa sayansi. Nilitoka mbio hadi ukumbini. "Mama, umeongeza nini kwenye kile kioo?"

"Mimi? Si tulikuwa wote kwenye ngazi? Vile vitu vyako hata kuvipitia karibu naviogopa."

Nikarudi, nikaitazama. Hakuna aliyeigusa. Kilichobadilika ni kimoja tu: ilikuwa ya moto, sasa imepoa. Nikawasha jiko, gesi ikakubali kwa shida, nikaitumbukiza tena. Ile bluu ikafifia taratibu, ikawa zambarau, ikawa chai. Nikaitoa, nikaipitisha kwenye maji ya bomba. Bluu ikarudi.

Kumbe wanga ulikuwepo muda wote. Kimeng'enya kilikuwa kimeharibika kweli, kama kitabu kinavyosema. Ila iodini haishiki rangi penye moto mkali kiasi kile. Mwalimu alikuwa sahihi, Mbona alikuwa sahihi, na wale arobaini ndio waliosema uongo ingawa walipata jibu. Nilikaa kwenye stuli nikataka kucheka. Lakini saa ilikuwa saba na robo.

Safari hii sikupanga hotuba. Nilichukua neli iliyopoa nikaingia nayo ofisi ya walimu. Bwana Majibu alikuwa anakula karanga huku akijumlisha alama. Chupa yake ya chai ilikuwa pembeni.

"Mwalimu, naomba maji yako ya moto."

"Maabara hamna maji?"

Sikumjibu, maana ningejibu "ndiyo, Mwalimu" na kuondoka. Nilimimina mwenyewe kwenye kikombe chake, mvuke ukapanda, nikaichovya neli. Akaacha kutafuna. Bluu ilipoisha nikaitoa na kuishika mbele ya feni, na sote wawili tukaitazama hadi iliporejea.

"Ehee," akasema mwishowe. Akaichukua, akaichovya yeye, akaitoa. Mara mbili. "Umejua lini?"

"Leo."

"Na darasani uliona?"

"Niliona zote nane."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwambia yule binti aandike bluu-nyeusi. Akakataa."

"Ulimwambia hivyo kwa nini?"

"Nilimhurumia."

"Huruma gani hiyo, binti? Ya kumfundisha mtoto kudanganya?"

Ilinichoma, na kilichonichoma zaidi ni kwamba aliyeyasema hayo ndiye aliyeandika majibu ubaoni. Lakini kweli ilikuwa kweli hata mdomoni mwake.

Akakunja karatasi ya karanga. "Siwezi kufuta sifuri kwa sababu wewe umepata jibu. Aeleze yeye. Nampa ruhusa ya kurudia jaribio kuanzia saa nane na nusu, nitakuja kabla ya saa kumi. Na wewe usimfumbulie hata neno. Kunyamaza si unakujua?"

Saa nane na nusu Mbona aliingia, akafunga vifungo vya koti la maabara, akaanza. Nikafikiri atamaliza kwa robo saa. Hakumaliza. Alipima kipimajoto kwenye barafu kuona kama kinadanganya. Akabadilisha mate, akaomba na yangu. Akapunguza wanga, akaongeza wanga. Kila mara aliimwaga neli ingali ya moto, akaiosha na kuanza nyingine, na kila mara nilikaribia kupiga kelele. Iache tu! Iweke chini, ukae!

Saa tisa na dakika ishirini akanigeukia. "Dada, wewe unajua, siyo?"

"Nimekatazwa."

"Basi geukia ukutani. Uso wako unaongea, unanichanganya."

Nikageuka. Ukutani kulikuwa na karatasi ya kanuni za maabara, niliyoiandika mwenyewe kwa mkono. Nikaisoma: usionje kitu, usikimbie, usielekeze mdomo wa neli kwa mwenzako. Nikaisoma mara ya pili na ya tatu. Nyuma yangu kioo kiligonga kioo, maji yakatokota, akasonya. Kisha kimya.

Kimya kilikuwa kirefu. Nikasikia stuli inavutwa. Nikasikia neli ikiingia kwenye maji, ikitoka, bomba likifunguliwa na kufungwa. Kisha kalamu.

Mwalimu aliingia saa kumi kasoro dakika kumi, orodha ya alama kwapani. Nikageuka. Kwenye rafu kulikuwa na neli mbili, zote za bluu.

"Hii ya kwanza?" akauliza.

"Wanga na mate, Mwalimu. Nyuzi tisini."

"Na ya pili?"

"Wanga na maji tu. Haina mate kabisa."

"Mbona hukuweka mate?" akauliza, na mimi peke yangu ndiye niliyeona kwamba ametumia jina lake.

"Nilitaka nijue kama kinachofuta rangi ni mate au ni moto. Ile isiyo na mate nayo ilifutika. Basi ni moto." Akazichovya zote mbili kwenye bika, akazitoa, akamwonyesha. Mkono wake ulikuwa na malengelenge mawili madogo ambayo hakuwa ameniambia.

Bwana Majibu alisoma karatasi yake mstari kwa mstari. Kisha akafungua orodha juu ya meza yangu, akakata sifuri, akaandika kumi na tatu.

"Umechelewa siku tatu," akasema. "Ningekupa kamili."

"Na wale wengine, Mwalimu?" Mbona akauliza. "Walioandika bluu?"

"Waliandika jibu sahihi."

"Lakini hawakuliona."

Mwalimu alitazama saa yake. Nikajisikia nikisema kwa sauti, "Neli za tisini zilikuwa rangi ya chai, Mwalimu. Zote nane. Hakuna aliyeona bluu. Naweza kuyaandika hayo na kuweka sahihi."

Akanitazama kama mtu aliyeongeleshwa na kabati. "Nikizifuta alama za wale arobaini dakika hii, Jumatatu darasa la sayansi litakuwa na mtu mmoja. Unataka hivyo?" Hakusubiri jibu. Akaikunja orodha, akatoka, na viatu vyake vikasikika hadi mwisho wa ukumbi, ofisini kwa mwalimu wa taaluma.

Nilimpaka Mbona dawa ya kuungua. Alinyoosha mkono bila kunitazama.

"Kwa hiyo nimebaki?" akauliza.

"Umebaki. Kumi na mbili ilitosha."

"Na wao wamebaki?"

"Nao wamebaki."

Akaikunja karatasi yake mara mbili, kisha mara nne, akaisukuma mfukoni kwa nguvu hadi ikachanika pembeni.

"Sasa mimi nimebaki na akina nani, Dada?"

Nikafunga koki ya gesi. Nikamwambia achukue begi lake.