Umeme wa Kugandisha Udongo

Hasira yangu haijapoa hadi leo, na sioni sababu ya kuipoza.

Wodi yetu ya wazazi hapa Butembo, mashariki ya Kongo, ambayo mimi Kavira ndiye niliyeisimamia, ilijengwa kwenye mteremko wa udongo laini wa mfinyanzi. Wakati wa utawala wa waasi, ukuta wa chini ulianza kuzama. Injinia Hippolyte, mtu wa mkoa wa mbali wa Kasai aliyekwamishwa kwetu na vita, alichomeka vyuma virefu ardhini, akamimina maji ya dawa ya kugandisha udongo kwenye mabomba aliyoyachimbia kando yake. Lakini udongo ule umeshikamana mno, haupitishi dawa. Ilibidi umeme wa jenereta uisukume polepole kutoka chuma hiki hadi kile, mpaka ardhi igande. Upande mmoja uliganda. Upande wenye vitanda ulikuwa bado uji.

Ndipo askari wakaja kuchukua jenereta. Komanda wao alikuwa na sherehe ya ubatizo wa mtoto wake, alitaka muziki na bia baridi.

"Mukikata courant sasa, ukuta itaangukia bamama," Hippolyte akawaambia, akionyesha waya za umeme.

"Bulongo haiwezi kimbia, ingénieur," sajenti akacheka, akiupiga udongo kwa buti. "Kesho tutarudisha groupe yenu."

Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Wakaipakia tu, wakaenda zao.

Mchana ule mvua ikapiga. Ufa ukapanda ukutani hadi darini, na Virginie, mmoja wa wajawazito wetu, yuko chini yake, uchungu umemshika. Nikaita watu walete vipoyi, machela zetu za miti, tukawapakia akina mama wote. Kwetu ukikutana na kipoyi njiani unaweka bega chini ya mti, hata kama ulikuwa unakwenda sokoni, na huulizi kinakwenda wapi. Tulipofika kwa komanda tulikuwa umati, na askari wa kizuizi cha barabarani, watoto wa huku huku, walikuwa wamebeba pia.

Komanda akatoka na glasi mkononi. "Mama, hii ni nini?"

"Ni maternité, wodi nzima," nikasema. "Courant iko huku, sisi tumeifuata."

Muziki ukazimwa. Virginie alijifungulia chumbani mwa komanda, kwenye godoro lake, wageni wamesimama uani na sahani zao. Komanda akapiga kelele jenereta irudishwe mara moja.

"Irudi," nikamwambia. "Lakini sisi tunabaki. Bulongo ikiganda, ingénieur atakuja kutuita."

Jioni ile ile komanda akahamia kambini, yeye na kreti zake za bia.